Selimundu: Dawa Inayoitengeneza Chembe Yenyewe

Mtoto ana miezi saba au minane. Mikono na miguu yake imevimba, macho yana umanjano, na usiku kucha analia. Jirani mmoja asema ni meno yanaota. Mwingine anong'ona kwamba ni chira. Hapa Kisumu na kandokando ya ziwa, daktari akiona dalili hizo hufikiria kwanza selimundu.

Ni ugonjwa gani huu?

Kazi ya chembe nyekundu za damu ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila sehemu ya mwili. Huibeba kwa himoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Chembe ya kawaida ni mviringo na laini, hivyo hupenya hata katika mishipa myembamba kabisa. Chembe ya mgonjwa wa selimundu ikishatoa oksijeni, himoglobini yake hugandamana. Chembe hukakamaa, ikajipinda kama mundu na kukwama njiani. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa huanza. Isitoshe, chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hii huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu kila mara.

Kwa nini kwetu?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na Ziwa Victoria na pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na chembe hizi. Nyanda za juu na sehemu kame hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi hali hii kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa, na malaria kali humpata kwa nadra. Penye malaria nyingi, watu kama hao walisalia wengi.

Mgonjwa ni yule aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Kwake malaria ni hatari kubwa. Wazazi wote wawili wakiwa na hali hiyo, katika kila mimba kuna uwezekano wa mmoja kati ya wanne kupata mtoto mgonjwa. Si laana, wala si kosa la mama peke yake.

Dawa hufanyaje kazi?

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyogandamana. Humlinda miezi michache baada ya kuzaliwa, kisha hupungua na ugonjwa kujitokeza. Dawa iitwayo haidroksiyurea huufanya uboho wa mifupa uitengeneze tena. Dawa ya maumivu humtuliza mgonjwa wakati chembe zimekwisha kukwama. Hii huzizuia zisipinde tangu mwanzo.

Kwa kuwa dawa hii hupunguza pia chembe nyeupe, zinazopigana na maradhi, madaktari walihofia kwamba watoto wa Afrika wangezidiwa na malaria. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliwatibu watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Ikawa kinyume cha hofu hiyo. Malaria ilipungua kwa takriban nusu, maumivu kwa zaidi ya nusu, na haja ya kuongezewa damu kwa thuluthi mbili. Vifo navyo vilipungua.

Mambo ya kuzingatia

1. Usijinunulie dawa hii bila daktari. Damu hupimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye.

2. Inywewe kila siku, hata mtoto anapocheza vizuri. Faida yake huchukua miezi kuonekana, na ukiiacha, ugonjwa hurudi.

3. Mwanamke mjamzito, au yeyote anayetaka kupata mtoto, azungumze na daktari kwanza.

4. Mtoto alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote, na ameze dawa za kumkinga na malaria na vijidudu kama alivyoelekezwa.

5. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Kwenu wazazi wa ziwani: mpimisheni mtoto mapema, hata kabla ya kuvimba vidole. Nanyi mnaopanga kuoana, pimeni damu, mjue mnachobeba.