Data ya Kahama Isizunguke Ulaya: Kituo cha Kubadilishana Intaneti na Maana Yake kwa Shinyanga na Geita

Chukua mfano wa daktari aliyeko Shinyanga mjini anayefungua faili la mgonjwa lililohifadhiwa kwenye seva ya hospitali Kahama. Kwa barabara ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Hospitali inanunua intaneti kwa kampuni moja, daktari ananunua kwa nyingine. Kama kampuni hizo mbili hazikutani popote ndani ya nchi, faili hilo linateremka hadi Dar es Salaam, linaingia mkongo wa baharini, linafika Ulaya, kisha linarudi njia ileile. Kampuni zote mbili zinalipia safari hiyo kwa fedha za kigeni, na gharama inaishia kwenye bando la mteja.

Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, hali ilikuwa mbaya zaidi. Watoa huduma walitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe wa kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde hata kama wanaowasiliana walikuwa mtaa mmoja. Dawa yake ilijulikana mapema: kituo cha kubadilishana intaneti. Ni chumba chenye swichi, ambamo kila mtoa huduma huleta waya wake na ruta yake. Data ya mteja wa kampuni moja inayokwenda kwa mteja wa kampuni nyingine huvukia humo, haivuki bahari.

Vifaa vyake si vingi. Swichi nzuri, umeme wa uhakika, jenereta, kiyoyozi na mlango wenye kufuli. Ugumu uko kwenye swali la nani anashika ufunguo. Wakenya walilijua hilo mapema. Kituo chao cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000 na watoa huduma wenyewe. Haikupita hata wiki mbili, Telkom Kenya ikalalamika kwamba kituo hicho kinaingilia haki yake ya pekee ya kusafirisha mawasiliano, na mamlaka ya mawasiliano ikakizima. Kilifunguliwa tena mwanzoni mwa 2002, baada ya mabishano marefu na leseni kutolewa. Utafiti uliofadhiliwa na Internet Society na kutolewa 2012 ulionyesha kwamba muda wa data kwenda na kurudi kati ya mitandao ya Kenya ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kufikia milisekunde 2 hadi 10. Utafiti wa marudio wa 2020 ulikuta sehemu ya data inayobaki ndani ya nchi imepanda kutoka asilimia 30 hadi kama 70.

Tanzania nayo ilipata kituo chake, TIX cha Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 2000, chini ya umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA. Arusha ikafuata. Baadaye Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikasukuma vituo vifunguliwe pia Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Kwa mtu wa Shinyanga au Geita, cha karibu ni cha Mwanza.

Msomaji wa Geita atalielewa suala la nani ashike ufunguo, yaani kituo kutoegemea upande, kwa kutazama soko la madini la mji wake, lililofunguliwa 2019. Wanunuzi wengi wamekaa chini ya paa moja, na mizani iko chini ya maofisa wa Tume ya Madini. Siku mizani ikiwa mali ya mnunuzi mmoja, wachimbaji watarudi kuuza gizani. Kituo cha intaneti ni hivyohivyo. Kikiwa ndani ya jengo la kampuni moja kubwa, na fundi wake ndiye anayeamua nani aingie saa ngapi, washindani hawataleta waya wao, au watauleta na kuupitishia data kidogo tu ya kuonekana. Ndiyo maana vituo vinavyodumu huendeshwa na chombo kisicho cha faida: kila mwenye leseni anaruhusiwa kujiunga, ada inajulikana, bodi inachaguliwa na wanachama, na hakuna anayelazimishwa kubadilishana data na asiyemtaka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini Shinyanga isijenge cha kwake. Kwa maoni yangu, bado. Kituo hakina kazi kama hakuna data ya kukutana. Watu wengi wa hapa huingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu huitoa data ya wateja wao kwenye mitambo mikuu michache, ambayo mara nyingi iko Dar es Salaam. Mtu akiwa Katoro, Kahama au Mwadui, data yake ya simu itashuka kwanza Dar, hata ukiweka swichi ya dhahabu pale stendi ya Shinyanga. Wanaoweza kunufaika karibu ni wale wa intaneti ya waya au ya minara midogo: kampuni ndogo zinazouza Wi-Fi kwa gesti na maduka, vyuo, hospitali, halmashauri, ofisi za migodi na wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu. Hao waende Mwanza kwanza. Siku mitandao mitatu au minne inayojitegemea itakuwa na ruta zake Shinyanga, hoja ya kujenga itajileta yenyewe.

Kwenda Mwanza kunahitaji mambo machache. Kampuni iwe na leseni ya TCRA. Iwe na namba yake ya utambulisho wa mtandao pamoja na anwani zake za IP, ambazo kwa Afrika hutolewa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Kisha ikodi njia ya faiba hadi kituoni, kwa mfano kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaoendeshwa na TTCL, na iwe na fundi anayejua kupanga BGP, lugha ambayo ruta hutumia kuambiana njia. Hapo kwenye fundi ndipo wengi hukwama. Mtu mmoja aliyefundishwa vizuri anaweza kuhudumia kampuni tatu. Kampuni ndogo isiyo na namba yake haijatengwa. Imuulize aliye juu yake, yule anayeiuzia intaneti kwa jumla, kama ameunganishwa Mwanza au Dar, na kama data ya ndani anaiuzia kwa bei ileile ya data ya nje. Jibu la swali hilo la pili lina fedha ndani yake.

Mteja wa kawaida anaweza kujipimia. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha andika anwani ya tovuti unayojua kwamba seva yake iko Tanzania. Itakuja orodha ya vituo ambavyo data imepitia na muda kwa milisekunde. Kama namba za mwisho ziko chini ya 40, data haijafika Ulaya. Zikipita 120, na katikati ukaona majina ya Marseille au London, umesafirishwa. Rudia asubuhi na usiku, kwa laini ya kampuni tofauti, uhifadhi picha za skrini. Malalamiko yenye ushahidi wa aina hiyo mtoa huduma hawezi kuyapuuza kirahisi, na TCRA ina dawati la kupokea yale aliyoyapuuza.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji wa vifaa hawaisemi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo kituo cha ndani kingetakiwa kuiacha mifumo ya hospitali na ya malipo ya serikali ikiendelea. Lakini mfumo unaweza kuwa na seva Dar na bado ukalala, kwa sababu seva za majina ya kikoa chake, zinazoonyesha jina la tovuti liko kwenye anwani ipi, ziko nje, au ukurasa wa kuingilia unasubiri huduma ya kampuni ya ng'ambo kuhakiki nenosiri. Swichi ya Mwanza haiwezi kutibu hilo.

Kwa hiyo halmashauri, shule au hospitali inapotangaza zabuni ya intaneti, iweke masharti manne kwa maandishi: mzabuni awe anabadilishana data kwenye kituo cha ndani na aonyeshe uthibitisho, muda wa kwenda na kurudi hadi Mwanza na Dar utajwe kwa milisekunde, mifumo muhimu ihifadhiwe nchini pamoja na seva zake za majina, na jaribio la kuzima njia ya nje kwa saa moja lifanywe mbele ya mteja kabla ya malipo ya kwanza.