Hukumu ya Mashine za Kamari Zenye Leseni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Masala haya yahusu mashine zitiwazo sarafu zikatoa zawadi, ambazo watu wa mitaani huziita dubwi au bonanza. Mtu wa Tabora mwenye nyumba yenye baraza njiani hujiwa na mwenye mashine, akaambiwa: baraza hii yakaa bure, na iwekwe mashine, na fedha itakayopatikana tutagawana. Akikataa kwa kukhofu dini yake, huonyeshwa karatasi ya leseni. Hapo wengi hunyamaza. Basi yapasa kubainisha karatasi ile yathibitisha nini.

Leseni ni jambo la kweli. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imetia kamari katika kazi za kaunti. Na Uingereza, sheria ya mwaka 2005 imeyapa mabaraza ya miji madaraka ya kutoa leseni za nyumba za kamari. Kwa hivyo jambo moja laweza kuruhusiwa mji huu na kukatazwa mji wa pili. Maana ya leseni ni kwamba mwenye mashine hatashtakiwa kwa kuiweka, maadamu atimiza masharti. Haisemi kwamba chumo lake ni halali mbele ya Mola wake, wala walioitunga sheria hawakudai hivyo. Pombe nayo ina leseni, na hapana Mwislamu aliyedhani imehalalika kwayo.

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, kamari imetajwa pamoja na ulevi na masanamu, ikaelezwa kwamba huleta uadui na chuki, na huwazuia watu na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Na aya ya 219 ya Al-Baqara haikukana kwamba yana manufaa kwa watu. Imesema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi atajaye kodi inayopatikana, au ujira wa kijana alindaye mashine, hakuleta hoja mpya. Manufaa hayo yalikwisha kuhesabiwa.

Imamu Nawawi, katika Minhaji, ameufanya mchezo wa nard kuwa haramu na sataranji kuwa makuruhi, na mali ikiwekwa pande zote mbili akauita kamari. Wanavyuoni wa Kishafii waliokuja baada yake wakapambanua mchezo unaotegemea hesabu na fikra na ule unaotegemea kubahatisha. Kwa kipimo hiki wazee wachezao bao chini ya miembe ya Tabora hawamo katika kamari, pasipo dau na swala isipopitwa na wakati wake. Dubwi halina hesabu ya mchezaji hata kidogo.

Husemwa: "Mimi sishindani na mtu, nacheza na chuma." Jawabu ni kuwa chuma hakimiliki mali. Nyuma yake yuko mwenyewe, na kila sarafu ikiingia, mmoja wao atatwaa mali ya mwenziwe pasipo kumpa badala. Tena mwenye mashine hategemei bahati, kwani mashine hupangwa tangu mwanzo sehemu gani ya fedha irudi kwa wachezaji. Tuchukue mfano wa mashine irudishayo 80 katika kila 100. Mwenye shilingi 10,000 akizicheza zote hubaki, kwa wastani, na 8,000. Akizirudisha zile alizopata hubaki na 6,400. Mara ya tatu ni 5,120. Na mara ya kumi hazifiki 1,100. Naye wakati wote huo alikuwa akisikia sarafu zikimwagika, akajiona mshindi.

Ama mwenye baraza, asidhani yeye yu nje. Mji huu ulikuzwa kwa ijara. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe ikagawanyika, mmoja kwenda Ujiji, mwingine kwenda Karagwe na Buganda. Na mpagazi wa Kinyamwezi aliyejiajiri alipatana mzigo na ujira kabla ya kuondoka. Ijara yataka manufaa yajulikane na yawe halali. Kukodisha mahali kwa ajili ya kamari ni ijara batili, na kugawana mapato yake ni kubaya zaidi. Fedha iliyokwisha kupokewa irudishwe kwa wenyewe wakijulikana. Wasipojulikana itolewe kwa maslaha ya Waislamu wote au kwa maskini, kama Nawawi alivyonakili katika Majmuu kwa Ghazali. Huko ni kujivua na haramu.

Limebaki jambo la mtoto. Sheria ile ile ya leseni yamkataza aliye chini ya miaka 18. Na katika fikihi, asiyebaleghe hana mkataba unaosihi: mtoto aliyetumwa mafuta ya taa, au aliyechukua ada ya chuo, akaitia sarafu mashineni, sarafu hiyo haikutoka katika milki ya mwenyewe. Mwenye mashine yampasa kuirudisha kwa mzazi, hata asipodaiwa. Na mwenye baraza aliyemwona mtoto yule akanyamaza hana leseni ya kuonyesha, ya sharia wala ya serikali.

Wallahu aalam.