Saa mbili chini ya miti kwa mkazi wa Kibera na Kawangware

Wanubi walioachishwa jeshi la mkoloni ndio waliokaa Kibera kwanza, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mahali hapo wakapaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Leo simama relini pale Laini Saba, uangaze macho huku na huku: mabati kwa mabati, na mti ni wa kutafutwa. Kwa hivyo mtu akikuambia ukatulize akili msituni, una haki ya kumcheka. Ushauri huo hutolewa sana na watu wenye gari na Jumamosi isiyo na kibarua.

Hata hivyo, usiutupe wote. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo yaliyotokana na majibu ya watu karibu 20,000. Waliokuwa nje penye miti, nyasi au maji kwa angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha yao, kuliko wasiotoka kabisa. Nao waliozipata dakika hizo kidogo kidogo hawakupungukiwa na waliozimaliza kwa siku moja. Utaniambia huenda wenye afya ndio wanaotoka. Sawa, ni swali zuri. Lakini kule Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vilivyogeuka majaa, wakapiga kura vipi visafishwe na kupandwa nyasi na miti na vipi viachwe vilivyo. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kuwa majirani wa viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hali ya kujiona wameshuka moyo, hasa katika mitaa maskini. Hiyo ndiyo habari inayotuhusu sisi.

Basi tuzitafute hizo dakika 120, tukianzia pale unapopita kila siku. Wengi wa Kawangware hutembea kwenda Lavington na Kileleshwa kufua nguo, kulinda mageti au kujenga. Njiani mna miti mikubwa ambayo wenye nyumba hawaitozi ada. Acha barabara ya matatu, ushike njia ya ndani yenye kivuli, utoe visikizi masikioni na upunguze mwendo kwa dakika 12. Fanya hivyo kwenda na kurudi, siku tano za wiki, na hesabu imetimia. Asubuhi ukiwa umechelewa usijisumbue, tumia jioni kabla giza halijaingia. Ila tembea tu, usisimamesimame: mlinzi wa geti hajui kwamba unatazama jakaranda.

Wa Kibera asiyetoka mtaani, mimi ningemwanzishia na gunia la kupandia mboga. Kilimo hiki kilienea sana Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowapa wakazi miche na mafunzo. Watu walikipendea mboga, na ni haki yao, lakini robo saa ya kupalilia na kunyunyiza nayo ni dawa ya kichwa kilichojaa madeni.

Tafuta gunia la kilo 90 na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliotolewa kitako. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake na udongo pembeni, kisha uuvute juu na kuujaza tena, mpaka gunia lijae. Unapata nguzo ya mawe katikati, na hiyo ndiyo njia ya maji kufika chini. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini mboga za chini zinakauka huku za juu zikioza. Toboa matundu ubavuni, kila moja shibiri moja kutoka kwa jingine, upandikize sukuma wiki, spinachi au managu. Juu weka dania na vitunguu.

Maji, kila mtu wa mtaani anajua, hununuliwa kwa mtungi. Tumia yale yaliyosuuza mchele na mboga. Ya sabuni ya kufulia mwaga, na ya mtaro usiyaguse kabisa, hata kama jirani anayatumia na mboga zake zimenawiri. Majani yatanawiri, tumbo ndilo litakalolipa. Gunia lenyewe liwe mbali na barabara yenye moshi, mahali panapopata jua angalau nusu siku.

Watoto wana hesabu yao. Chumba cha mabati kisicho na dirisha ni giza mchana kutwa, na mtoto aliyeshikilia simu humo ndani anayachosha macho. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule ziwatoe wanafunzi nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya watoto wasioona mbali, iliyokuwa ikipanda miaka na miaka, ikaanza kushuka. Kinachofanya kazi hapo ni mwanga wa mchana, kwa hiyo hata uwanja wa vumbi wa shule unafaa. Bwawa la Nairobi na Mto Ngong, hapana. Maji yale yamebeba uchafu wa mtaa mzima, na mtoto asichezee hapo hata kama kingo zake zinapendeza macho.

Jumapili moja kwa mwezi ikikuruhusu, nenda mbali kidogo. Msitu wa Ngong Road uko upande wa magharibi wa Kibera, una zaidi ya hekta 1,000. Usiingie peke yako. Nendeni kikundi, mpitie lango rasmi, mtoke mapema. Mtu wa Kawangware anaweza kufika Arboretum kwa miguu kupitia Kileleshwa. Bustani hiyo ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti itakayokua upesi iwe kuni za garimoshi. Ilinusurika tanuri, sasa inatupa kivuli. Ulizia kiingilio kabla ya kuondoka nyumbani, na uwe na pesa kwenye simu. Asiye na cha kiingilio asikate tamaa: kando ya mto huko Kibera kuna viwanja ambavyo wakazi walivijenga pamoja na Kounkuey Design Initiative, mahali palipokuwa na taka. Kaa hapo nusu saa, simu mfukoni.

Neno moja kwa wenye presha na sukari: miti haichukui nafasi ya tembe. Na ukiona huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, hulali wala huli, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo, bila aibu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Ukijaza gunia lako mwezi Septemba, maji ya wiki kadhaa hutayanunua.