Mboga za Kiangazi Milimani Kwetu

Mgeni afikaye Kiwira mwezi wa Aprili hawezi kuamini ya kuwa nchi hii hukauka. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba tunabaki na baridi ya usiku, upepo, na jua la mchana. Mboga za majani huadimika. Ndipo mtoto wa darasa la tatu anapopewa ndoo alfajiri aende mtoni kabla ya shule, na ifikapo saa nne anasinzia juu ya daftari. Sisi tuliofundisha miaka mingi tunamfahamu sana mtoto huyo. Somo hili ni juu ya kumpunguzia safari zake bila kuiacha bustani.

Tuanze na udongo. Wa kwetu umetokana na majivu ya volkano, na mahali pengi mna vijiwe vyepesi vyenye matundu. Una rutuba, na ni laini kwa jembe, lakini juu hukauka upesi. Na palipo na vijiwe vingi, maji hushuka chini kuliko mizizi ya mchicha inavyofika. Samadi iliyooza ndiyo dawa yake, kwa kuwa hushika maji kama sifongo.

Wengi wetu tulijifunza bustani shuleni, hasa baada ya 1967 ilipotangazwa Elimu ya Kujitegemea, na jambo la kwanza lilikuwa kuinua tuta. Wakati wa masika tuta ni sawa kabisa, maana maji ya ziada hupata njia. Kiangazi tuta hilo hilo hupigwa na jua na upepo juu na ubavuni. Basi tuligeuze: tuchimbe jaruba, kama wafanyavyo wakulima wa mpunga kule Mbarali, ila letu liwe dogo. Mita 3 kwa 1 yatosha, kina sentimita 15, na udongo uliotolewa uwe ukingo pande zote. Ndani tuchanganye madebe mawili ya samadi. Lisiwe karibu na migomba, kwa sababu mizizi yake hutambaa mbali na itakunywa kabla ya kabichi.

Sasa hesabu kidogo. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Jaruba letu lina mita za mraba 3. Ndoo tatu za lita 20 ni mvua ya milimita 20, nayo hulowesha hadi mizizini. Nusu ndoo kila jioni ni milimita 3 na kitu tu: hulowesha ngozi ya udongo, kisha jua hulichukua. Afadhali ndoo tatu kwa pamoja kila siku ya tano. Miche michanga peke yake ndiyo inayotaka kidogo kidogo kila siku, kwa juma la kwanza.

Baada ya kumwagilia tufunike kwa majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne. Wako wasemao majani huleta sota. Kweli sota hujificha humo. Basi tuache nafasi kuzunguka shina na tukague asubuhi. Mtu akitia kidole chini ya majani na kukuta unyevu siku ya tano, na angoje siku ya sita. Hapo ndoo imepumzika, na mtoto pia.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yaende jarubani. Yale ya sabuni tuwape migomba.

Mvua za Novemba zikikaribia, jaruba lifukiwe na tuta liinuliwe pale pale, la sivyo chainizi itaoza shina kabla ya Krismasi.