Arifa Ifike Ikiwa Bado na Faida

Tuseme programu yako inawapa wakulima wa Midia, wilayani Koboko nchini Uganda, bei ya muhogo na ufuta. Simu ikiishiwa chaji au bando, arifa hukwama njiani. Hata seva ikijibiwa kwamba ujumbe umekubaliwa, hiyo ni habari ya Google kuupokea, si ya mkulima kuusoma. Kazi yako ni kupanga yatakayotokea katikati.

1. Kwa Android, tuma kupitia Firebase Cloud Messaging ya Google, njia ya HTTP v1. Ile ya zamani ilianza kufungwa mwaka 2024. Faili ya siri ya akaunti ibaki kwenye seva tu. Usiiweke ndani ya programu ya simu wala GitHub.

2. Hifadhi tokeni ya kila simu, yaani anwani ya kuitumia arifa, pamoja na tarehe yake, na uihuishe mara kwa mara. Ukijibiwa UNREGISTERED, ifute. Simu ya Android isiyounganika kwa siku 270, tokeni yake huisha.

3. Upe ujumbe umri. Usipoandika ttl, unaweza kungoja hadi wiki 4, na bei ya mwezi uliopita humtia mkulima hasara. Bei ya asubuhi ipe sekunde 21600, yaani saa 6. Tangazo la mkutano liishe mkutano unapoanza.

4. Bei zote za muhogo zipe collapse_key moja, ili simu iliyozimwa siku tatu ipate bei mpya peke yake. Bila hivyo ujumbe unaweza kurundikana, na ukizidi 100 kwa simu moja, wote hutupwa.

5. Taja bei, soko na siku katika arifa yenyewe, asiye na bando la kutosha asilazimike kufungua programu. Nafasi ni baiti 4096, inatosha.

6. Kuanzia Android 13, mtumiaji huombwa ruhusa ya arifa. Mweleze faida kwanza, kisha omba. Mwenye kitochi mtumie SMS.

Kabla ya kuwafikia wakulima, zima simu ya majaribio. Tuma bei tatu zenye collapse_key moja na ttl ya saa 1, pamoja na tangazo lenye ttl ya sekunde 300. Washa baada ya dakika 10. Ukiona bei moja tu, ile ya mwisho, na tangazo halipo, seva iko tayari.