Dondoo muhimu: Ruger Mark IV au SW22 Victory?

Hizi ni bastola mbili za .22 LR zinazoshindanishwa sana kwenye viwanja vya shabaha Marekani. Zote zilitoka 2016, na magazini zao hubeba risasi 10.

Kabla ya bei, zishike. Shika mpini kwa nguvu, funga macho, inua mkono, kisha fumbua. Bastola inayokufaa itakuwa imeelekea shabaha bila wewe kukunja kifundo cha mkono. Jaribio hili lina uzito zaidi kuliko sifa zote za muuzaji. Lifanye baada tu ya kuhakikisha chemba ni tupu, mtutu ukielekea upande salama.

Kusafisha: Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Victory hudai spana ya Allen na skrubu moja. Risasi za .22 huacha masizi mengi, kwa hiyo anayefyatua kila wiki ataihisi tofauti hiyo.

Ukipenda kubadilisha mtutu, chagua Victory: mtutu wake hutoka kirahisi. Kwenye Ruger, namba ya usajili iko kwenye sehemu iliyoshikana na mtutu, hivyo mtutu mpya ni sawa na kununua silaha nyingine kisheria.

Unanunua Mark IV iliyotumika? Uliza ilitengenezwa lini. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa kiwandani kwa kasoro ya kifunga usalama. Bila ushahidi wa matengenezo, usiinunue.

Kwa anayeanza, mimi ningechukua Ruger. Inayosafishwa kirahisi ndiyo husafishwa.