Pete ndani ya koti la mtumba: ni mali ya nani?

Jioni moja baada ya swala ya Magharibi, kijana mmoja anayehudhuria darasa letu alibaki nyuma wenzake walipotoka. Kijana huyu ni muuzaji wa mitumba pale Karume, Ilala. Siku hiyo alikuwa amefuatana na mama mmoja wa makamo, na kwa jinsi walivyokuwa wamenuniana, ilionekana wazi kuwa ugomvi wao umeanzia sokoni.

"Ustadh, tuamulie," alianza kijana. "Huyu mama nilimuuzia koti kwa shilingi 6,000. Leo amekuja anawaonesha wenzake pete ya dhahabu, anasema ameikuta ndani ya bitana ya koti lile. Balo nimelinunua kwa fedha yangu. Mimi niliuza koti, sikuuza pete."

Mama hakumwacha amalize. "Mwanangu, uliponikabidhi koti hukusema nitoe kilichomo. Nimenunua koti na mifuko yake na bitana yake. Hiyo ni riziki yangu Mungu kanipa."

Ndugu msomaji, niliwaomba wakae, kwa sababu swali lao si dogo. Siku hizi wapo vijana wengi wanaowahi sokoni alfajiri, mabalo yakifunguliwa wawe wa kwanza kuchambua. Wanatafuta makoti ya ngozi ya kizamani, suruali za jinzi za miaka ile, jezi za timu za Ulaya za miaka ya 1990. Wakizipata huzifua, huzipiga pasi na picha, kisha huziuza kwa bei mara kumi ya ile waliyonunulia. Na katika kuchambua huko, mara kwa mara mkono huingia mfukoni ukatoka na kitu: noti ya kigeni, saa, cheni, pete. Wengi husema "zali" na kuendelea na safari. Je, sheria yetu inasemaje?

Thamani ya nguo yenyewe

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtu akinunua koti kwa shilingi 6,000 kwa kuwa analijua, kisha akaliuza kwa 60,000, hapo hakuna tatizo. Koti limeuzwa, koti limenunuliwa, na ujuzi wake ni mtaji wake. Imepokewa kwa Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi (r.a.) dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu, bali alimuombea baraka katika biashara yake.

Kinachokatazwa ni uongo. Mnunuzi anayejua thamani ya koti, kisha akamwambia muuzaji "hili limeoza, nisaidie tu kulitupa", amedhulumu. Na muuzaji anayekunja shati ili sehemu iliyotoboka iwe kwa ndani, naye amedhulumu. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Alimkemea mwenye mali kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Wauza mitumba na walifikirie rundo lile kila wanapopanga meza asubuhi.

Lakini pete si koti

Sasa turudi kwenye pete. Hebu tufuate safari ya koti lile. Huko Ulaya, Marekani au Kanada, mtu ametoa nguo zake, au amefariki na warithi wakatoa nguo zake. Wazee wetu hawakukosea sana walipoiita mitumba "kafa Ulaya". Nguo zikapelekwa kwenye taasisi ya misaada au zikatumbukizwa kwenye sanduku la kukusanyia. Nyingi kati ya hizo huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikapangwa kwa aina na daraja, zikabanwa kwenye mabalo, mengi yakiwa ya kilo 45 hivi, zikapakiwa melini hadi Dar es Salaam. Mwenye duka la jumla akauza balo, kijana akalifungua, mama akanunua.

Nikamuuliza kijana: "Katika watu wote hao, ni nani aliyekusudia kuuza pete?" Akanyamaza. Aliyetoa msaada alitoa koti. Taasisi iliuza nguo. Mwenye jumla aliuza balo. Wewe uliuza koti, na umesema hivyo kwa kinywa chako. Kama hukuuza pete kwa sababu hukujua kuwa ipo, basi hata kuinunua hukuinunua kwa sababu hiyo hiyo. Na mama naye alilipia koti.

Wanazuoni wa fiqhi wana mfano ambao sisi watu wa pwani tunauelewa upesi. Mtu akinunua samaki, akampasua na kukuta lulu tumboni. Ibn Qudama ameeleza katika al-Mughni kuwa lulu hiyo ni ya mvuvi, kwa kuwa imetoka baharini pamoja na samaki. Lakini akikuta tumboni dinari, hiyo ina dalili ya kumilikiwa na mwanadamu. Hiyo ni luqata, yaani mali iliyopotea na kuokotwa. Pete ni kama dinari ile. Haikuota kwenye bitana. Ilitoka kwenye kidole cha mtu.

Wapo wanaosema: "Lakini mwenyewe si Muislamu, na yuko mbali." Huu ni udhaifu wa hoja. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, alimwacha Ali (r.a.) nyuma arejeshe amana za watu wa Makka, na watu hao ndio waliokuwa wanapanga kumuua. Ikiwa amana ya adui ilirejeshwa, mjane wa Ulaya ambaye hajatukosea lolote ana haki zaidi.

Wagomvi wa aina nyingine

Niliwakumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja katika umma zilizotangulia alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudia muuzaji amkabidhi dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji akakataa, akisema ameuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi. Naye akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana na mwingine binti. Akaamua watoto waozeshwe, dhahabu itumike kwao na nyingine itolewe sadaka.

Hazina ya kale ardhini ina hukumu zake, na si sawa na pete ambayo mwenyewe au warithi wake huenda wako hai. Lakini tazameni: wale waligombana kila mmoja akisukuma dhahabu kwa mwenzake. Ninyi mmekuja hapa kila mmoja akiivuta kwake.

Nini kifanyike?

Aliyeokota ndiye mshika amana. Kwa hiyo pete inabaki kwa mama, si kama yake, bali kwa ulinzi. Kijana hana dai, ila ana wajibu wa kusaidia, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua njia ya balo.

Kwanza, aite mashahidi wawili waaminifu, waione na kuandika. Pili, azijue alama zake na asizitangaze. Mtume (s.a.w.) alielekeza kutambua chombo cha kilichookotwa na kamba iliyofungia, kisha kukitangaza mwaka mmoja. Maana yake ni kuwa anayedai ndiye aeleze alama. Anayeweka picha nzima mtandaoni amewafungulia mlango waongo. Tatu, muuzaji aulize kwa mwenye jumla balo limetoka nchi gani na kampuni gani, na ujumbe utumwe huko.

Kitu kidogo ambacho mwenyewe hawezi kuhangaika kukitafuta, kama sarafu moja, hakina uzito huu. Chenye thamani, mwaka ukiisha bila mwenyewe kupatikana, wanazuoni wengi wameruhusu aliyeokota akitumie, lakini akilipe mwenyewe akitokea. Mahanafi wamesema mwenye uwezo asikitumie, bali akitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Ibn Mas'ud (r.a.) alinunua mjakazi, muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Alimtafuta mwaka mzima, kisha akaigawa thamani ile kwa masikini kwa niaba yake, akiahidi kumlipa iwapo atatokea na kuikataa sadaka ile.

Nilipomaliza, niliiomba ile pete. Ndani yake kulikuwa na herufi mbili na mwaka 1961. Nikampa mama asome. Aliisogeza kwenye taa, akaitazama kwa muda, asiseme neno. Baadaye nilikuja kujua kuwa naye ni mjane.

"Ustadh," alisema, "huyu mtu atakuwa anaitafuta."

Kijana ndiye aliyetafuta kitambaa cha kuifungia. Kesho yake alikwenda kwa mwenye jumla, akarudi na jina la nchi na la kampuni iliyofunga balo. Barua imekwishatumwa. Mwaka bado haujaisha.

Nawe ndugu msomaji unayewahi mabalo alfajiri: chagua koti zuri, pata faida yako halali. Ila mkono ukiingia mfukoni ukakuta kitu, jiulize ni nani aliyekuuzia hicho. Kama jibu ni hakuna, basi umekabidhiwa amana.

Wallahu a'lam.